Jivu la Vali

Kilima chenyewe si kirefu. Ukikiona kwa mbali pale Nimbapuram, kijiji kidogo cha ukingo wa kusini wa mto Tungabhadra katika jimbo la Karnataka, utadhani ni kichuguu kilichozeeka na kuhamwa na mchwa wake. Dereva wa bajaji aliyekuwa akinizungusha tangu alfajiri aliinama, akaokota kipande kimoja cha kijivu na kukiweka kiganjani mwangu. Kilikuwa na vitundu kama jiwe la kusugulia visigino, na kilikuwa chepesi kiasi kwamba mkono wangu, uliokuwa umejiandaa kwa uzito wa jiwe, ulipanda juu wenyewe.

"Hili ni jivu la Vali," alisema. "Walimchomea hapa."

Vali alikuwa mfalme wa nyani.

Aliposema hivyo hakushusha sauti wala hakutabasamu kama watembeza wageni wanavyotabasamu wakifika penye kisa cha kuchekesha. Aliongeza tu kwamba watu wa chuo kikuu wanasema ni samadi ya ng'ombe iliyoungua zamani sana, na alilisema hilo bila chuki, kama mtu anayekutajia jina la pili la mtaa ili usipotee. Kisha akanigeukia, akiniita anna, yaani kaka. "Na kwenu, anna? Umesema kwenu nako kuna magofu. Yana hadithi gani?"

Nikamjibu: "Hayana. Kwetu ni historia tu."

Akasema "Ah," kwa ile sauti ambayo watu huitoa wakisikia una msiba. Akakichukua kile kipande kiganjani mwangu na kukirudisha pale pale alipokitoa.

Ni wiki ya saba sasa tangu nirejee Dar es Salaam, na jibu lile halijaniacha.

## Nilichokwenda kutafuta

Nilikuwa Bengaluru kumuuguza mama. Dada yangu alipofika kunipokea zamu, nilipata siku nne za kupumua, nikapanda treni ya usiku hadi Hosapete na kutoka hapo nikaingia Hampi kwa bajaji. (Sisi tumekipa chombo hicho jina la kampuni ya Kihindi, ilhali wenyewe Wahindi wanakiita "auto". Nilipomwambia dereva wangu kwamba kwetu kinaitwa bajaji alicheka mpaka akasimamisha chombo pembeni.)

Nilikwenda kwa sababu mimi ni mtu wa Kilwa, na mtu aliyekulia karibu na magofu huwa na udadisi wa kuona wenzake wanaishije na ya kwao. Hampi yote, kingo mbili za mto kwa pamoja, ni uwanja wa mawe: hekta elfu nne na zaidi, mabaki zaidi ya 1,600, mahekalu, mabirika, mazizi ya tembo, masoko marefu yaliyobaki nguzo tupu. Huo ulikuwa mji mkuu wa dola ya Vijayanagara hadi Januari 1565, majeshi ya masultani wa Dekkani, uwanda wa juu wa kusini mwa India, yalipomshinda na kumkata kichwa Rama Raya, aliyekuwa ameshika utawala. Mji ukaporwa na kuachwa.

Hayo nilikuwa nimeyasoma kabla. Nilidhani ndiyo niliyoyafuata.

## Ungo juu ya maji

Asubuhi ya pili tulivuka kwenda Anegundi. Ukivukia Talarighatta unaona kwanza safu ya nguzo za mawe zilizosimama majini, mabaki ya daraja la wafalme wa kale. Miaka ya tisini serikali ilianza kujenga daraja la zege karibu na hapo, na ni ujenzi huo uliochangia Hampi kuingizwa mwaka 1999 katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Hampi ilitolewa katika orodha hiyo mwaka 2006. Daraja lenyewe lilianguka Januari 2009 kabla halijakamilika, likaua wafanyakazi. Mto ule hauna haraka ya kuvukwa.

Sisi tulivuka kwa harigolu. Hebu fikiria ungo mkubwa wa kupepetea, uliosukwa kwa vipande vya mianzi na kufunikwa kwa nje ili maji yasipite, upana wake wa kutosha watu wanane waliochuchumaa. Chombo hicho hakina mbele wala nyuma. Mwenye kasia moja hulitia majini upande huu, kisha upande ule, na ungo unakwenda huku ukijizungusha taratibu, hivi kwamba ukingo unaouendea unaonekana mbele yako, halafu begani, halafu nyuma, halafu mbele tena. Mimi nimekulia kwenye ngalawa na mashua. Kwa mara ya kwanza maishani nilishika ukingo wa chombo kwa mikono miwili, na mama mmoja mwenye kikapu cha mabilingani alinitazama kwa huruma.

Anegundi maana yake kwa Kikannada ni shimo la tembo. Ni kijiji cha migomba na mashamba ya mpunga, chenye lango la mawe ambalo mbuzi na pikipiki hupita bila kulitazama, na uwanja wenye hekalu la Ranganatha ambapo wazee hukaa kivulini. Kabla ya kuwapo mji wa ng'ambo, ngome ilikuwa upande huu. Barazani pa nyumba moja nilikuta wanawake wakisuka nyuzi za mgomba kutengeneza vikapu na mikeka midogo. Nilikaa nao kitambo kwa sababu mikono yao ilikuwa ikifanya kazi ambayo nimeiona tangu utotoni katika ukili: dole gumba linakandamiza, kidole cha shahada kinaleta unyuzi mpya, na macho ya msukaji hayapo kwenye kazi kabisa, yapo kwenye mazungumzo.

Kutoka hapo kila mahali pana mwenyewe. Kilima cheupe kwa hekalu la kileleni, chenye ngazi 575, ni Anjanadri, alipozaliwa Hanuman, shujaa wa nyani. Bwawa lenye mayungiyungi ni Pampa Sarovar, ambapo bikizee Shabari alimngoja Rama miaka na miaka. Pango la ng'ambo, karibu na maji, ni la Sugriva, na michirizi iliyo juu ya mwamba wa karibu yake ni alama ya vazi la Sita alipokuwa akiburutwa.

Kwa msomaji ambaye hakulelewa na kisa hiki, nitasema machache. Rama ni mwana wa mfalme aliyefukuzwa kwao; mkewe Sita ametekwa na Ravana, na Rama anamtafuta akielekea kusini pamoja na mdogo wake Lakshmana. Wanafika Kishkindha, nchi ya nyani, na wenyeji wa Anegundi watakwambia Kishkindha ndiyo hii. Wanamkuta Sugriva, ambaye kaka yake, Vali, amemnyang'anya ufalme na mke, na ambaye amejificha kwenye mlima pekee ambao Vali hawezi kuukanyaga kwa sababu ya laana ya mtawa Matanga. Wanapatana: nisaidie nikusaidie. Sugriva anamwita kaka yake wapigane, na wakati ndugu hao wawili wameshikana miereka, Rama, aliyejificha nyuma ya mti, anamchoma Vali mshale.

Hapo ndipo hadithi iliponinasa. Vali hafi mara moja. Anamuuliza Rama kwa nini amempiga kwa kujificha, ilhali hapakuwa na ugomvi kati yao, na ilhali alikuwa akipigana na mtu mwingine. Rama anatoa sababu zake, na Wahindu wenyewe wamezijadili sababu hizo kwa karne nyingi bila kuzimaliza. Kwa hiyo jivu la Nimbapuram haliko pale kumtukuza mshindi. Ni kaburi la aliyeuliza swali gumu.

## Mfalme aliyeacha jina lake

Kwa wiki ya kwanza baada ya kurudi nilijitetea hivi: dereva ana imani yake, mimi nina vitabu vyangu, na kila mmoja na lake. Mwanaakiolojia Raymond Allchin alichimba kilima cha namna hii huko Utnur mwaka 1957, akaonyesha kwamba ni samadi iliyorundikana katika mazizi ya wafugaji wa enzi za zana za mawe na kuchomwa moto mara kwa mara. Jambo limekwisha. Wafugaji hao waliishi miaka elfu nne na zaidi iliyopita, nao kwa hakika wanastahili heshima yao.

Lakini utetezi huo ulikuwa na tundu, na tundu lenyewe liko katika historia ile ile niliyokuwa nikijivunia.

Harihara na Bukka, ndugu wawili wanaohesabiwa kuwa waasisi wa Vijayanagara mwaka 1336, hawakujenga juu ya nchi isiyo na maneno. Virupaksha, ambaye ni mungu Shiva wa mahali hapo, alikuwa akiabudiwa kwenye ukingo ule karne nyingi kabla yao. Mkewe ni Pampa, na Pampa ni jina la kale la mto wenyewe. Kikannada kiligeuza p kuwa h, Pampa ikawa Hampe, Hampe ikawa Hampi. Wafalme wa dola ile, wenye tembo na farasi walioletwa kwa merikebu kutoka Uarabuni na Uajemi, walipotia saini hati zao hawakuandika majina yao. Waliandika "Sri Virupaksha".

Halafu lipo hekalu la Ramachandra, lililo katikati kabisa ya eneo la kifalme, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 15. Kuta zake zimechongwa kisa cha Rama kutoka mwanzo, tukio kwa tukio, na mlima Matanga, ule ule alioukimbilia Sugriva, uko kaskazini yake moja kwa moja. Wapimaji wa karne ya 20 walipochora ramani ya mji waliukuta mhimili huo ukipita katikati ya makao ya mfalme kama uzi wa fundi. Mfalme alijipanga sawasawa na hadithi.

Sasa nimwambie nini dereva? Kwamba hadithi si kweli, ila ukuta uliojengwa kwa kuifuata ndio kweli?

Nimelizungusha jambo hili kwa siku nyingi na sioni njia ya kuvitenganisha. Ukiiondoa hadithi, magofu yanabaki bila sababu ya kuwa pale yalipo. Mto upo mrefu, na miamba ya kujikinga ipo mahali pengi katika Karnataka. Hapa palichaguliwa kwa sababu palikuwa tayari pamesemwa.

Hata msafiri wetu sote, Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kumsifu sultani wake kwa ukarimu, baadaye alipoandika habari za India alikisimulia kisa cha sehemu hizi: raja wa Kampila, mji ulio chini zaidi kwenye mto huo huo, alimpa hifadhi mpwa mwasi wa sultani wa Delhi, na jeshi lilipomzingira akakataa kumtoa mgeni wake, akampeleka kwa mwenzake, kisha akatoka kupigana mpaka akafa. Tunakisoma kama historia kwa sababu jina la mwandishi lipo juu yake. Kingesimuliwa na dereva wa bajaji, ningekiita ngano.

## Mabaraza yaliyofagiliwa

Kuna siku nilidhani nimeshaelewa, nikataka kuandika makala fupi yenye furaha. Kisha nikakumbuka mtaa wa soko.

Mbele ya mnara wa lango la Virupaksha pana barabara pana iliyopakana na mabaraza ya mawe pande zote mbili. Kwa miongo kadhaa watu waliishi ndani ya mabaraza hayo. Waliziba nafasi kati ya nguzo kwa matofali, wakauza chai, maua ya ibada, nguo na vyumba vya wageni. Julai 2011 matingatinga yaliingia kwa amri ya kuulinda urithi, na mamia ya watu wakaondolewa. Ng'ambo ya mto, mahali paitwapo Virupapura Gaddi, nyumba za wageni zilibomolewa mwaka 2020 baada ya Mahakama ya Juu ya India kuamua kwamba zilijengwa kinyume cha sheria.

Sisemi kwamba serikali haikuwa na hoja. Nguzo zilitobolewa, moshi wa majiko uliziharibu, na wapo waliojenga kwa tamaa. Hata hivyo nilipopita pale jioni, mabaraza yakiwa yamefagiliwa na tupu kama meno ya kitana, nilihisi kwamba kilichohifadhiwa ni soko lisilo na mchuuzi. Dereva wangu alizaliwa katika mtaa ule. Alinionyesha kwa kidole, "nguzo ya tano, hapo alikaa mama," na akaendelea kuendesha.

Jioni ile niliichukulia kama habari ya ukazi na fidia. Baadaye ndipo nilipojiuliza iwapo jibu langu la Nimbapuram halikuwa tingatinga la namna hiyo hiyo. "Kwetu ni historia tu" ni maneno ya mtu aliyeng'oa matofali yote yaliyozibwa kati ya nguzo, akabaki na nguzo safi.

## Upande unaotisha

Hapa lazima niseme lililonifanya nisiandike kwa wiki tatu nzima.

Tarehe 6 Desemba 1992, huko Ayodhya, umati uliuvunja msikiti wa Babri wa karne ya 16 kwa madai kwamba umesimama mahali alipozaliwa Rama, yule yule Rama wa Kishkindha. Watu wengi, Waislamu kwa wingi zaidi, waliuawa katika machafuko yaliyofuata. Mimi ni Mwislamu wa pwani. Nikikaa hapa kusifu jinsi hadithi inavyoshika ardhi, nitakuwa nimesahau kwamba mkono unaoshika unaweza pia kukaba.

Hata Anjanadri ina kesi yake. Mwaka 2021 wasimamizi wa mahekalu ya Tirumala huko Andhra Pradesh walitangaza kwamba Hanuman alizaliwa kwenye vilima vyao, na watu wa Karnataka wakapinga vikali. Dereva alilizungumzia kama mtu aliyeibiwa ng'ombe. Alihoji kwa nini watu wenye hekalu tajiri kuliko yote nchini watake na tumbili wa maskini. Nilicheka, ila mambo ya namna hiyo huanza kwa vicheko. Na kisiwani kati ya mto, pale Navabrindavana, ambapo makaburi tisa ya watawa wa madhehebu ya Madhva yanaheshimiwa sana, mwaka 2019 watu walilivunja kaburi la Vyasatirtha usiku wakitafuta hazina. Waumini walilijenga upya ndani ya muda mfupi. Sisi tuliochimbiwa misingi ya maboma na watafutaji wa mali ya Mjerumani hatuhitaji kuelezwa zaidi: hadithi ya dhahabu nayo ni hadithi.

Kilichonitoa katika hofu hiyo, kwa kiasi, ni jengo dogo katika Hampi yenyewe. Mwaka 1439 ofisa Mwislamu aliyeitwa Ahmad Khan, mtumishi wa mfalme Devaraya wa Pili, alijenga msikiti katika mtaa wa Waislamu wa mji ule. Ukiuona hutajua kama ni msikiti: una nguzo zile zile za mahekalu, bila kuba wala mnara, na maandishi yake ya Kikannada yanauita dharmasale, nyumba ya hisani, iliyojengwa kwa ajili ya thawabu za mfalme. Nilikaa kwenye ngazi zake nikala ndizi mbili, na kima mmoja wa kijivu mwenye uso mweusi akanipokonya ya tatu. Wale waliouruhusu msikiti huo walikuwa ndio waliojipanga na mlima wa Sugriva. Waliiamini hadithi yao kwa nguvu zote, na mahali pa kumweka Ahmad Khan hawakukosa.

Hilo haliifuti Ayodhya. Linanizuia tu kusema kwamba Ayodhya ndiyo maana yote ya jambo.

## Nguo

Sasa nirudi kwenye uongo wangu, maana ulikuwa uongo.

Magofu ya Kilwa yana hadithi. Nilizaliwa ndani yake. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Kisiwani, na alikuwa akisimulia kwamba mwenye kisiwa, Mrimba, alipoombwa na Sultani Ali aliyetoka Shirazi amwachie mahali pale, alisema anataka nguo: zitandikwe kutoka kisiwani hadi bara, apate kupita juu yake akihama. Zikatandikwa, akapita. Wakati huo, bibi alisema, maji yakikupwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu, na Mrimba alikuwa na nia ya kurudi na watu wake kukitwaa kisiwa. Sultani akasoma Kurani, na mkondo ukajaa maji mpaka leo. Na huyo Sultani, usisahau, alikuwa amemwoa binti wa Mrimba. Mtoto wao ndiye aliyeunganisha pande mbili.

Nilipofika sekondari nilifundishwa kwamba hizo ni hekaya zilizobuniwa na watawala waliotaka asili ya mbali, na mwalimu hakuwa amekosea kabisa. Nikaona haya. Mgeni yeyote aliyekuja Kilwa nilimpeleka Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa nikimtajia karne na vipimo, na ile nguo sikuitaja hata siku moja.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya zamani ya Waswahili pamoja na bara yake. Ulionyesha kwamba kuanzia karibu mwaka 1000 wanaume wenye asili ya Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika wa pwani. Nakumbuka nilivyofurahi: bibi alikuwa sahihi kuhusu ndoa! Nilituma kiungo kwa ndugu wote kwenye kundi la familia. Leo furaha ile inanitia haya kuliko ukimya wa kwanza. Miaka thelathini nilikuwa na neno la bibi, na sikulithamini mpaka lilipogongwa muhuri na maabara.

Nilichokiona Anegundi, na ambacho nilichelewa kukielewa, ni Pampa. Wataalamu wengi wanamwona kuwa mungu wa kike mwenyeji, mwenye mto, aliyekuwapo kabla ya Shiva kufika. Na hadithi ya jinsi mungu mkubwa wa mbali alivyokubalika mahali pale ni hadithi ya arusi. Kila mwaka Hampi huwachumbia na kuwaoza upya. Mgeni mwenye nguvu anaoa binti wa mahali, na hivyo mahali panamkubali bila kufuta jina la mwenyeji. Binti wa Mrimba na Pampa wangekaa baraza moja, wangekuwa na mengi ya kuambiana.

Swali la dereva lilikuwa rahisi na la kindugu. Alinionyesha lake, akaomba kuliona langu. Nami nilifunga mlango nikasema nyumba haina kitu.

Juzi nilimwandikia. Nilikuwa na namba yake kwa ajili ya malipo. Nilimweleza kisa chote cha nguo kwa Kiingereza cha kuungaunga kama chake, na nikamwomba radhi kwa lile jibu. Niliongeza, kwa kuwa tabia haifi, kwamba kuna mapokezi mawili: katika tarihi ya Kiarabu ya karne ya 16 nguo ilizungushwa kisiwa kizima, na katika ile ya Kiswahili ilitandikwa kuelekea bara. Niliona maneno yanakuwa mengi nikayatuma hivyo hivyo.

Alijibu usiku. Hakuuliza ipi ni ya kweli. Aliuliza: "Nguo ilianzia wapi? Mahali penyewe mnapaonyesha?"

Sikuwa na jibu. Bibi ametangulia mbele ya haki mwaka wa kumi na moja sasa, na mimi sikuwahi kumuuliza. Asubuhi nikampigia simu mjomba, ambaye bado anakaa Kisiwani na anavua kwa mshipi. Nikamsalimia, nikamwuliza hali za watu, kisha nikamwuliza habari ya nguo za Mrimba, zilianza kutandikwa upande gani.

Akanyamaza muda, nikadhani mtandao umekatika.

"Hayo hayasemwi kwenye simu," alisema. "Njoo siku za bamvua. Maji yakikupwa sana nitakupeleka."